Masika ya Kifungu cha Nne

Jumatatu, 3 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha alfajiri, na mke wangu kaninunulia daftari. Anasema kuishi na mimi ni kama kuishi na redio mbovu, taa inawaka ila sauti haitoki. "Kama husemi, basi andika," kaniambia. "Mwanao akikua atataka kujua baba yake alikuwa anawaza nini." Nikamwuliza kama atakuwa analisoma. Kasema hapana, kwa sauti ya mtu ambaye atalisoma.

Kazi yangu ni mitambo ya sauti. Arusi, mahafali, mikutano ya hadhara. Napanga spika, navuta nyaya, nawapa watu maiki waongee. Nikirudi nyumbani nimeshasikia maneno ya kunitosha.

Mtoto aliye tumboni ni wa kiume, kipimo kimeonyesha wiki iliyopita. Mama yangu ni fundi cherehani, anashona sare za shule. Ameshaweka sare pembeni, anashona vikaptula ambavyo mtoto hatavivaa kabla ya mwaka kwisha.

Ijumaa, 7 Machi

Bosi amepata kazi ya bunge. Kamati itazunguka kumbi za mji kukusanya maoni juu ya muswada wa haki za mtoto, na sisi ndio wenye spika. Muswada una vifungu vingi, lakini watu wanagombania kimoja tu, cha nne: ni marufuku kumtahiri mtoto mchanga kwa sababu za dini. Asubiriwe akue, aamue mwenyewe. Atakayevunja, faini au kifungo.

Nilimsimulia mke wangu jioni. Yeye ni mwalimu wa hesabu, alikuwa anasahihisha mitihani, miguu juu ya stuli kwa sababu imevimba. Kalamu haikusimama.

"Nimeusoma huo muswada. Kifungu cha nne nakiunga mkono."

Nilidhani ananitania. Sisi ni watu wa ibada, tena yeye kunizidi. Mimi nilitahiriwa nikiwa mchanga, na baba yangu, na baba yake. Sijawahi kukaa kulifikiria jambo hilo, kama nisivyofikiria kitovu changu.

"Wewe unaonaje?" akaniuliza.

Nikasema nakwenda kuchaji betri.

Jumanne, 11 Machi

Mvua. Spika moja imekunywa maji, inakoroma.

Jumamosi, 15 Machi

Mama alikuja na mfuko wa nguo, akazitandaza moja moja juu ya kochi. Tulikuwa tunacheka vizuri kabisa mpaka aliposema ameshaongea na mzee aliyetutahiri mimi na mdogo wangu, bado yupo na mkono wake bado mwepesi, atakuja wiki ileile ya kuzaliwa.

Mke wangu akakunja kikaptula taratibu. "Mama, huyu tutamsubiri mpaka aseme mwenyewe."

"Atasema nini huyo, na hata jino hana?"

"Ndiyo hoja yangu, Mama."

Mimi nilicheka. Nikagundua nimecheka peke yangu.

Mama akasema hili si jambo la hoja, ni alama ya watu wa Mungu, na mtoto anapewa na wazazi kama anavyopewa jina. Mke wangu akajibu kwamba jina mtu akilichukia anabadilisha. Mama akasema hajawahi kusikia mwanamume wa ukoo huu akilalamika. Mke wangu akasema hajawahi kusikia mwanamume wa ukoo huu akiulizwa.

Hapo wote wawili wakanigeukia. "Haya, mwenyewe si huyu hapa," Mama akasema. "Baba, hebu sema."

Nilikwenda kutazama mfereji wa bati. Ulikuwa unavuja kweli, lakini si kiasi cha kuchukua muda ule wote.

Jumatano, 19 Machi

Ukumbi wa kwanza. Viongozi wa dini mbili, ambao mji mzima unajua hawasalimiani, wamekaa benchi moja. Wote wanapinga kifungu cha nne. Mmoja alipomaliza kusema, mwenzake akamsogezea chupa ya maji. Mwenyekiti wa kamati, mama mmoja mkali anayefunga simu za watu kwa jicho tu, alisema kama muswada huu hautafanya lolote jingine, hilo limetosha.

Daktari wa kwanza alisema mtoto anaumia, anachokatwa hakirudi, na haina haraka. Daktari wa pili alisema kidonda chenyewe ni kidogo, kinapona upesi, na chanjo pia mtoto haombwi ruhusa. Wa kwanza akasema chanjo haiondoi kitu mwilini. Niliwapelekea maiki huku na huku mpaka nikaona kizunguzungu. Nilikuja na wazo kwamba mmoja wao ni mjinga, nikimjua tu nimemaliza. Hakuna aliyekuwa mjinga.

Alhamisi, 27 Machi

Ukumbi wa pili. Kijana wa umri wangu, fundi wa magari, alisimama akasema yeye hakufurahi. Alisema taratibu, bila matusi. Anawapenda wazazi wake, anaswali na kuomba kama wao, ila siku zote amejihisi kama mtu aliyesainishwa mkataba akiwa usingizini. Watu wengine wakaguna. Mwenyekiti akawatazama, wakanyamaza.

Baada yake mkunga mmoja akasema: "Mkipiga marufuku, wembe hauachi kazi. Utahama hospitali uende jikoni kwa watu, mlango umefungwa. Mimi ndiye nitakayeitwa wakati damu imeshaloanisha godoro."

Nilimsimulia mke wangu yote mawili. Habari ya mkunga aliisikiliza hadi mwisho, akafunika kalamu, akasema, "Hilo sina jibu lake." Ni mara ya kwanza kumsikia akisema hivyo katika ndoa yetu. Nilitaka kuandika saa, nikasahau.

Jumatano, 2 Aprili

Mama na mke wangu hawasemezani. Nguo za mtoto zinaletwa na mdogo wangu. Tunamwita Kipa kwa sababu alidakia timu ya mtaa miaka mingi. Siku hizi anaendesha gari la mkate. Leo kaleta fulana tatu na mkate wa maziwa, akasema, "Shemeji, mimi ni posta tu, usiniulize dini."

Jumamosi, 5 Aprili

Leo nitaandika mpaka mkono uchoke.

Ulikuwa ukumbi wa mwisho, na redio ilikuja kurusha moja kwa moja. Watu walijaa hadi madirishani. Mke wangu aliniambia asubuhi kwamba ameandikisha jina. Nikampigia Mama kumwonya, Mama akasema na yeye ameandikisha, tena kabla yake. Gari la familia ni moja, la mkate. Basi walikuja pamoja, wanawake wawili mbele wasiosemezana, Kipa katikati ya maneno yasiyosemwa, na nyuma mikate inanukia. Kipa anasema hajawahi kuona foleni ndefu kama ile ya leo, na barabara ilikuwa nyeupe.

Mke wangu aliitwa kwanza. Alishika maiki kwa mkono mmoja na kiuno kwa mwingine.

"Mimi ni mwalimu," alisema. "Ni mtu wa ibada. Huyu mnayemwona hapa tumboni ni wa kiume, na watu wazima wameshaanza kumgombania kabla hajaona taa. Sisemi wanaotahiri ni wabaya. Nimeolewa na mmoja wao, mnamwona pale kwenye nyaya." Watu wakageuka, wakanicheka. Nikajifanya naangalia waya. "Ninachosema ni kimoja. Mwili ni wake. Kama imani ni yake pia, atakuja mwenyewe. Mungu ana subira. Miaka kumi na minane kwake ni kitu gani?"

Walipiga makofi upande mmoja. Nilipokea maiki, akarudi kwenye kiti chake.

Kisha akaitwa Mama. Alivaa gauni la bluu alilojishonea kwa arusi yetu. Maiki aliishika mbali kama samaki, nikamsogezea mdomoni.

"Mkwe wangu amesema vizuri," alianza. "Mungu anaweza kusubiri. Mimi nina miaka sitini na nane."

Ukumbi ulianguka kwa kicheko, na mke wangu naye alicheka, nilimwona.

"Nina wanangu wawili wa kiume. Mkubwa hakupata shida. Wa pili," akasema, na hapo nikaona Kipa, aliyekuwa amesimama mlangoni, akinyooka. "Wa pili yuko pale mlangoni, ndiye anayewaletea mkate. Alipotahiriwa, damu haikukata."

Kipa akaanza kunipungia. Akapitisha kidole shingoni: kata. Kata sauti. Kitufe kilikuwa chini ya kidole changu. Ningeweza kusema ni hitilafu, nani angejua.

Wakati huohuo mvua ikashuka juu ya bati, si matone, ni kama lori la kokoto limemwagwa. Watu wa nyuma wakapaza sauti: hatusikii, ongeza. Mwenyekiti akanitazama kwa lile jicho.

Nikaongeza. Nikaongeza mpaka mwisho. Mama akaendelea kusimulia habari za sehemu za siri za mdogo wangu kwa ukumbi mzima, kwa mtaa wa pili, na kwa nchi nzima iliyokuwa inasikiliza redio. Jinsi alivyomfunga kwa khanga. Jinsi baba alivyokimbia naye hadi hospitali mvua kama hii ikinyesha, kiatu kimoja kimebaki njiani. Jinsi nesi alivyowauliza kwa nini hawakumleta kwao tangu mwanzo.

"Alipona," Mama akasema. "Yuko sawa kabisa, kila kitu kinafanya kazi." Kipa alikuwa ameshatoka nje, amesimama kwenye mvua. "Na mimi bado naamini. Angezaliwa wa tatu ningemtahiri. Kwa hiyo msinifunge jela, kwa sababu nitafanya, na wenzangu watafanya. Lakini siku ile, mbele ya Mungu, nilitamani kungekuwa na daktari. Siku ile sikuwahi kuisema popote. Nimeisema leo kwa sababu ya huyu msichana. Amesimama na tumbo lake akasema ukweli. Nikaona haya kusema nusu."

Hakuna aliyepiga makofi. Ilisikika mvua tu. Mama alinirudishia maiki, akaenda, akakaa kiti kilichokuwa wazi karibu na mke wangu. Mke wangu akatoa leso akampa. Mama akaitazama ile leso akasema kitu, nikaja kuambiwa baadaye kwamba alisema pindo lake limeshonwa vibaya.

Kwa miaka thelathini na moja nimemjua mama yangu kuwa mtu asiyekuwa na shaka. Leo nimejua kwamba shaka anayo, na kwamba ameifanyia kazi zaidi ya sisi sote.

Jumapili, 6 Aprili

Kipa hapokei simu yangu. Nimemtumia ujumbe: pole, mvua. Amejibu: mvua ndiyo iliyoshika kitufe?

Jumatatu, 14 Aprili

Kipa amenisamehe, kwa sharti kwamba nitamwoshea gari mwezi mzima. Anasema kila duka analofika wanamwuliza, kwa uso mkavu, kama mikate ya leo imekatwa au haijakatwa. Mwanzo alitaka kuacha kazi. Lakini yule dada wa duka la kona, ambaye Kipa amekuwa akimwachia mikate ya moto tangu mwaka jana bila kuthubutu kumwuliza hata jina, amemwambia kwamba alilia aliposikia habari ya kiatu cha baba. Wamekunywa chai pamoja. "Usimwambie Mama," kasema. "Atatangaza."

Jumamosi, 19 Aprili

Mvua kutwa. Mama kashinda hapa, kamfundisha mke wangu kushona pindo. Kifungu cha nne hakikutajwa. Miguu ya mke wangu imekuwa kama mikate ya Kipa.

Jumanne, 22 Aprili

Bunge limepiga kura. Marufuku imeondolewa. Badala yake: tohara ya mtoto mchanga ifanywe hospitali tu, na daktari, kwa dawa ya ganzi, na kwa saini za wazazi wote wawili.

Mke wangu alizima redio, akaenda kuanika nguo ambazo hazikuwa zimefuliwa. Nilimkuta uani ameshika kamba. Kabla sijajua la kusema simu ikalia, Mama. Nilijua ameshinda, nikawa naogopa atasema nini. Aliniambia nimpe mkwe wake. Nilisikia neno moja tu: "Pole, mwanangu." Halafu wote wawili wakakaa kimya kwenye simu, vocha inakwenda.

Nimeisoma tena ile sentensi ya mwisho kwenye simu. Wazazi wote wawili. Msimu mzima nilikuwa nasubiri bunge linisaidie. Bunge limenirudishia.

Jumatatu, 28 Aprili

Amezaliwa. Ana sauti. Hahitaji spika.

Jumatano, 30 Aprili

Wodini, saa ya kuona wagonjwa. Mke wangu amekaa kitandani, Mama kambeba mtoto, Kipa kabeba mkate. Nesi akapita na karatasi zake, akauliza kwa kawaida tu, kama anavyowauliza wote: tohara ndiyo au bado?

Mama na mke wangu wakaniangalia, na safari hii hapakuwa na mfereji.

"Bado," nikasema.

Nesi akaandika, akaenda zake. Ilibidi niendelee, kwa sababu Mama alikuwa bado ananitazama.

"Mama, mimi ningependa awe kama mimi. Nakwambia kweli. Ningependa awe kama baba. Nilipokuwa namsikiliza mke wangu nilikuwa upande wake, nilipokuwa nakusikiliza wewe nilikuwa upande wako, nimechoka kukimbia na maiki. Lakini kuna yule fundi wa magari. Hakuwa na hasira, alikuwa na huzuni tu. Sitaki mwanangu aje kusimama mbele ya watu aseme hakuulizwa. Nitamfundisha ibada. Nitamweleza kwa nini sisi tunafanya. Halafu nitamwuliza, na akisema ndiyo nitamshika mkono mwenyewe. Akisema hapana, bado ni mwanangu na mjukuu wako."

Mama akamrudisha mtoto kwa mama yake, pole pole, akamfunika vizuri. Akachukua mwavuli.

"Nimesikia," akasema. Akatoka.

Kipa alinong'ona, "Kaka, hata siku ya arusi hukuongea hivyo."

Jumapili, 4 Mei

Tuko nyumbani. Mama hajaja.

Jumanne, 6 Mei

Hajaja. Mke wangu anaangalia mlango kuliko mimi. Leo kasema, "Nilitaka nishinde mimi, sikutaka akose yeye." Mtoto analia akiogeshwa, sisi tunamwogesha kama watu wanaoosha yai.

Alhamisi, 8 Mei

Nilikwenda kwake. Alikuwa kwenye cherehani, sare za shule zimejaa hadi kitandani. Hakuacha kukanyaga.

"Sikukasirika," akasema. "Nina huzuni. Ni vitu viwili."

Nikakaa. Nikamshikia kitambaa upande wa pili, kama nilivyokuwa nikifanya utotoni.

"Naogopa, baba. Nikifa mimi, huyo mtoto atajuaje kwamba ni wetu? Sisi hatuna shamba, hatuna jumba. Tuna ile alama tu, na sala."

"Sala bado ipo," nikamwambia. "Na wa kumfundisha si mimi. Mimi nikisali hata anayekaa karibu hasikii."

Cherehani ikasimama. Alicheka kidogo, kisha akafuta macho kwa pindo la sketi ya mtoto wa darasa la pili. "Hilo kweli," akasema. "Ulikuwa hivyohivyo hata ulipokuwa mdogo. Nilikuwa nadhani umelala."

Hakusema atakuja.

Jumamosi, 10 Mei

Mawingu yamepungua, asubuhi jua lilitoka tukaanika godoro. Mama aliingia bila kubisha hodi, mikono ya blauzi ameshakunja.

"Nimekuja kumwogesha mtoto," akasema. "Kuhusu sheria, nendeni bungeni."

Akaomba beseni, akapima maji kwa kiwiko, akatusogeza tumpe nafasi. Mke wangu alikaa chini karibu yake kumwangalia anavyoshika shingo. Mtoto hakulia. Mama alikuwa anamsomea sala ya asubuhi huku anamwosha, sikio hili, kwapa hili, na mtoto anamtazama kama anamsikiliza.

Alipomgeuza na kumfungua miguu, sala ilikatika. Mama alimtazama kwa makini, kama anavyotazama mshono wa fundi mwingine.

Mtoto akakojoa. Mchirizi mmoja mrefu, ulionyooka, ukampata Mama kifuani, ukapanda hadi kwenye miwani.

Hakuna aliyesogea. Mama akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Haya," akasema. "Kumbe kinafanya kazi hivyohivyo."

Mke wangu ndiye aliyeanza kucheka, akashikilia tumbo kwa sababu nyuzi alizoshonwa akijifungua bado zinamuuma, Mama naye akacheka hadi akalazimika kunipa mtoto nimshike. Nilimshika, anateleza kwa sabuni, joto kama mkate.

"Lakini bado nitaomba mbadili mawazo," Mama akasema, akimnyooshea mke wangu taulo.

"Omba, Mama," mke wangu akamjibu. "Na mimi nitaomba."

Kisha wakaanza kubishana kama maji yalikuwa ya moto sana.